Usinitumie Wimbo Usio na Mwenyewe

Maneno haya niliyasema Tanga, siku kundi letu la wapenda muziki wa zamani lilipokutana ana kwa ana baada ya kuzoeana kwenye simu. Waliokosa kufika wameomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, utani nao nimeuacha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, kina mama, wanetu, na ninyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka Mombasa na Muscat: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Wageni wetu wa Dar es Salaam nawaona mmeshikilia mabegi. Najua mmeambiwa Tanga ni waja leo waondoka leo. Yawekeni chini, ubwabwa uko jikoni na hakuna anayeondoka kabla haujaliwa.

Nimepewa mada ndefu: namna bora ya kushirikishana muziki na wanamuziki tuwapendao kupitia mitandao. Kwa kuwa mimi ndiye admini, na najua mkiniteta mnaniita mkoloni, nitasema langu bila kuzunguka. Ukimtumia mwenzio wimbo, mtaje mwenye wimbo. Taja aliyeimba, taja bendi au klabu, na kama unamjua, taja aliyetunga. Ukijua na mwaka, Mungu akuzidishie.

Hebu nifungue simu hapa mbele yenu. Jana usiku, watu wameshakula, zimeingia nyimbo kundini. Ya kwanza inaitwa AUD, ikifuatiwa na tarehe, ikifuatiwa na WA0007. Ya pili ni AUD, tarehe ileile, WA0008. Hayo si majina ya nyimbo, ni namba za foleni ambazo WhatsApp huyapachika mafaili yetu. Chini ya ile ya kwanza kuna vimoto vitatu na neno "Hatari!" Mwenzake kajibu kwa vimoto vitano. Wa tatu kaleta kile kikatuni cha mwanamke anayecheza kwa gauni jekundu. Nikauliza: jamani, anayeimba ni nani? Kimya. Kufika alfajiri wimbo ule umeshapelekwa kwenye kundi la ukoo, kundi la waliosoma pamoja, na kundi moja la msikitini, nadhani kwa bahati mbaya. Kote huko umefika bila jina.

Sasa wapo watakaoniambia: admini, muziki ni kuburudika, mambo ya majina waachie maprofesa. Nawaelewa. Lakini kizazi kilichotangulia hapa hakikuwa cha maprofesa, na majina kilikuwa nayo.

Wazee mnakumbuka kadi za salamu za redioni. Mtu wa Muheza ananunua kadi yake, anajaza: mimi fulani bin fulani, wa sanduku la posta kadha wa kadha, nawasalimu wafuatao popote walipo. Anamtaja shemeji yake, anamtaja mwalimu wake wa darasa la nne, anamtaja rafiki aliyehamishiwa Mwanza, anawaasa kwa methali, kisha anaomba wimbo. Walikuwepo mabingwa wa salamu, watu wenye majina ya kujipachika, ambao nchi nzima iliwajua na hakuna aliyewahi kuwaona sura. Walikuwa wakifanya hivihivi tunavyofanya sisi, wakitumia posta na redio.

Ila angalieni tofauti moja. Yule wa Muheza asingeweza kuandika kwenye kadi, "Naomba ule wimbo mtamu." Mtangazaji angeutoa wapi? Ilibidi aandike jina la wimbo na jina la bendi, la sivyo kadi yake ilikwenda bure. Ndiyo maana hata mtu ambaye hakuwahi kugusa gitaa maishani alijua kabisa huu ni wa Jamhuri Jazz, ule ni wa Atomic, na angekuwa tayari kugombana baani kwa ajili hiyo. Bila jina, wimbo haukupatikana. Leo wimbo ninao mkononi, mzima, bila kujua hata herufi moja ya jina lake. Naubonyeza, naushikilia kidogo, nachagua watu, umekwenda. Hitaji la kujua jina limeondoka, na sisi tukaliacha jina liondoke nalo. Simlaumu mtu, ndivyo chombo kilivyo. Lakini kama chombo hakitulazimishi tena, itabidi tujilazimishe wenyewe.

Na kwa muziki wa dansi wa Tanzania hasara ni kubwa zaidi, na nitawaambia kwa nini. Bendi zetu za miaka ya sitini, sabini na themanini zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio. Santuri zilizotoka zilichapwa Nairobi, na nyimbo chungu nzima hazikuwahi kutiwa kwenye santuri kabisa. Kwa hiyo ni nyimbo zisizo na jalada. Hakuna kasha lenye picha ya bendi na majina ya wapigaji ambalo mjukuu atalikuta kwenye kabati la babu yake. Kilichopo ni kaseti ambayo mtu alirekodi nyumbani kutoka redioni. Alikuwa amekaa kidole juu ya kitufe, akabonyeza wakati mtangazaji anamalizia kutaja, na jina likakatika. Mmezisikia hizo. Unasikia, "...zz Band," halafu gitaa linaingia. Hiyo "zz" ndiyo kumbukumbu yote tuliyoachiwa! Kama yule bwana hakuandika kwa kalamu kwenye karatasi ya kaseti, maelezo yamebaki kichwani mwake, na yeye mwenyewe sasa ni mtu mzima wa kushikwa mkono kuvuka barabara.

Nichukue mfano ulioleta ugomvi kundini, wahusika mnajijua na mmekaa meza moja leo, nashukuru. Mwenzetu alileta "Sina Makosa" akaandika kwa kujiamini: Simba Wanyika. Ndani ya saa moja kundi likawa halikaliki. Mmoja akasema ni Les Wanyika. Mwingine akasema Wanyika ni Wanyika, mnabishania nini? Vijana wakaona wazee wao wanavyoweza kutukanana kwa adabu.

Habari yenyewe inatuhusu sisi wa Tanga kuliko mtu yeyote. Simba Wanyika ni matunda ya ndugu wa mji huu, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Walipiga hapa na Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka mpaka kuingia Kenya, ambako ndiko walikopatia jina. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao wakajitoa: Omar Shabani wa gitaa la rithimu, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu. Hao wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akawa sauti na sura ya bendi. "Sina Makosa" ni wimbo wa Les Wanyika.

Mtaniuliza, tukishajua hivyo inaongeza nini? Wimbo si ni uleule? Mimi nasema si uleule. Usiku wa ugomvi ule nilirudi kuusikiliza nikiwa nayo majina hayo, na safari hii nikamwacha mwimbaji aendelee na kesi yake, nikalifuata gitaa la rithimu. Fanyeni hivyo mkirudi nyumbani, kwa spika za masikioni, siyo kile kispika cha simu kinachomeza besi yote. Tumezoea kwamba rithimu inakaa nyuma inasindikiza na solo ndiyo yenye maneno. Omar Shabani hakai nyuma. Gitaa lake linazunguka, linazunguka, halichoki, na ndilo linalokushika kiunoni. Chini yake Malanga anapiga noti zake kwa kuzipima, anaacha nafasi, hana haraka ya kuzijaza. Kisha ukikumbuka kwamba mikono hiyohiyo ilikuwa imetoka Simba Wanyika muda si mrefu, unaelewa kwa nini yule mwenzetu alichanganya. Hakuwa mjinga. Sikio lake lilisikia undugu ambao kweli upo. Isingekuwa jina kuandikwa, hata kama liliandikwa kimakosa, tusingefika huko kote.

Kwa hiyo nasema hivi, na naomba admini wenzangu mnisikie: afadhali mtu aandike "sijui, nani anajua?" kuliko vimoto, na afadhali hiyo kuliko kubahatisha. Kubahatisha kuna hatari yake. Ukiandika "nadhani ni Marijani Rajab", kundi la pili watafuta "nadhani", na kundi la kumi watakuapia. Maskini Marijani, Jabali la Muziki, tangu afariki mwaka 1995 ameongezewa nyimbo ambazo hakuziimba. Lakini ukiuliza kwa uwazi, yupo mtu atajibu. Siku ile aliyetuamulia alikuwa mzee wetu wa Muscat. Alileta ujumbe wa sauti mrefu, anakohoa katikati, nyuma yake wajukuu wanapiga kelele kwa Kiarabu, na anaeleza Les Wanyika walivyokuwa wakisimama jukwaani Nairobi, nani kulia, nani kushoto. Ule ujumbe nimeuhifadhi. Una thamani kuliko wimbo wenyewe, maana wimbo uko kwa watu elfu.

Mwaka nao msiudharau. Mtu ananiletea wimbo wa Cuban Marimba ya Morogoro, kaandika bendi tu. Cuban Marimba ipi? Salum Abdallah, kiongozi wake, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na baada yake bendi ikaongozwa na Juma Kilaza kwa miaka. Ni bendi moja yenye enzi mbili, na ladha zake hazifanani. Kwa upande mwingine jina la bendi laweza kukupa mwaka bila wewe kujua. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na chama kikibadili jina, nayo inabadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndiyo Msondo Ngoma. Aliyeandika "JUWATA" ameshakusogezea tarehe karibu.

Na sauti peke yake haitoshi. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyetutoka Aprili 2014, aliimba NUTA, akaenda Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilipoanza, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo. Sauti ni ile, ya mtu anayekuonya huku anakubembeleza. Ukiniambia "Gurumo" tu, mpenzi wa Sikinde na mpenzi wa Msondo wote watadai ni wao, na watakuwa na haki.

Niseme kidogo kuhusu taarab, maana kina mama wameshaanza kunikodolea macho. Huku kosa letu ni jingine. Mwimbaji tunamtaja, tunawasahau wengine wote. Siti binti Saad kila mtu anamjua: binti wa Fumba, Zanzibar, muuza vyungu, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye santuri wakati wanawake wa pwani hawajafikiriwa kwa jambo kama hilo. Mnamtumia kwenye stetasi kila sikukuu ya wanawake, vizuri sana. Sasa nani kati yenu ataniambia waliokuwa naye kwenye kundi lake? Subeit Ambar. Budda bin Mwendo. Mbaruku. Maalim Shaaban. Naona mzee mmoja tu anatikisa kichwa. Siti hakuwa anaimba kwenye ukimya.

Na mtunzi je? Kwenye taarab shairi ni nusu ya shughuli, wakati mwingine zaidi ya nusu. Nyimbo za Juma Bhalo wa Mombasa, ambaye naye alifariki Aprili 2014, mnazipenda kwa lile fumbo linalowafanya mtazamane. Fumbo hilo mara nyingi limetoka kwa Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita. Bhalo ndiye aliyelitia machozi. Ukiniletea wimbo wa namna hiyo ukamtaja mmoja, mwenzake umemdhulumu. Na hapa kwetu, kwenye mji wa Black Star na Lucky Star, klabu zilizoingiza magitaa ya umeme kwenye taarab watu wakashangaa na kisha wakaiga, ni aibu kijana wa Tanga kumtuma Shakila binti Said akaandika "taarab ya zamani". Taarab ya zamani! Bi Shakila amefariki 2016, juzi tu.

Haya, niwageukie vijana kabla hamjalala. Wanetu, mnalalamika kwamba mkileta Bongo Fleva au singeli wazee wanawafokea. Mna haki, na nimewaambia wazee faragha, leo nawaambia hadharani: sentensi ya "muziki wa siku hizi hamna kitu" siitaki tena kundini. Hata Bi Kidude, aliyefariki 2013 akiwa na umri ambao wenyewe Zanzibar walikuwa wakiubishania, hakuwa na ubaguzi huo. Alisimama jukwaani na vijana wa kizazi kipya na aliwafunika. Lakini ninyi nanyi sheria inawahusu. Mkileta singeli, mniambie nani kapiga biti. Mtayarishaji ndiye bendi ya leo, na miaka arobaini ijayo kuna mtu atauliza.

Jambo jingine: acheni kumwaga nyimbo. Kuna ndugu yetu, simtaji, akipata bando la usiku anatupa mafaili thelathini kwa mkupuo. Nani atayasikiliza? Simu inajaa, mtu anafuta yote, pamoja na picha za harusi ya mwanawe. Leta mmoja, uniambie nisikilize wapi. "Subirini wimbo unapochemka, saksafoni zinapojibizana." Maneno kama hayo tu, nami nitaacha ninachofanya. Rafiki akiniambia wapi kapasikia yeye, nasikiliza kwa sikio lake, na hata nisipoupenda wimbo nimemjua yeye zaidi.

Kuhusu fedha sitakaa sana, ingawa panauma. Faili tunalorushiana halimpi mwanamuziki hata senti. Kiungo cha chaneli yake rasmi, ukikifungua, angalau kinahesabika kwake au kwa familia yake. Najua mtajibu: kiungo kinakula bando, faili halili. Ni kweli, na mimi siwezi kumwambia mama wa Pangani anayenunua bando la siku moja kwamba asipokee faili. Kwa hiyo tufanye hivi: nyimbo zilizopo kwenye chaneli za wenyewe, tutume kiungo kwanza, mwenye uwezo afungue. Zile za kaseti za redio zisizopatikana kokote, tuendelee na mafaili, ila kabla ya kulituma ulibadilishe jina. Kwenye simu nyingi ukiingia kwenye mafaili, ukalishikilia, utaona sehemu ya kubadili jina. Futa ile AUD yote. Andika bendi, wimbo, mwimbaji, mwaka kama upo, na kama huna uhakika weka alama ya kuuliza. Ukilituma baada ya hapo kama dokumenti, siyo kama sauti, jina linakwenda nalo hadi kwa mpokeaji. Jambo hilo dogo nimelijaribu na wengi wenu na linafanya kazi. Kijana yeyote aliye karibu na mzee leo amwoneshe kabla ya kuondoka.

La mwisho ni ombi. Hapa Tanga, Muheza, Korogwe, na Mombasa kwa wenzetu, wapo wazee waliopiga kwenye bendi hizi au waliobeba vyombo vyao, waliouza tiketi mlangoni, waliokuwa wake zao. Wengine ni babu zenu na hamjawahi kuwauliza. Wiki hii mmoja mmoja akae na mzee wake, amwekee wimbo mmoja tu, amwachie asikilize mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha amuulize: huyu wa solo ni nani? Msimuulize historia ya muziki Tanzania, atawaangalia tu. Muulizeni huyu wa solo ni nani. Mkiwa mmewasha kinasa sauti, na mmemwomba ruhusa. Akikataa kurekodiwa, andikeni kwa mkono.

Mwenyekiti, nimemaliza. Nakuona, kijana wa mitambo, umeshika waya unataka kutupigia muziki wakati watu wanakula. Ruksa. Ila shika na maikrofoni, ututangazie kwanza anaimba nani.